Sakafu ya Baiskeli

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata msibani hunibidi niume upindo wa kanga, na mara mbili nimeondolewa katikati ya wafiwa nikapelekwa uani kuosha mchele. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile ya baraza la Kisarawe nilicheka mpaka nikakaa chini vumbini, msidhani natia chumvi. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, na nusu ya kicheko chenyewe ilikuwa hofu. Majina ya watu sitayataja. Wengi wametangulia mbele ya haki, na walioacha wajukuu wameacha wajukuu wakali.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya pili vimekwisha lakini sukari bado ya kubembeleza. Nilikuwa na miezi saba tu ya ndoa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye kibaraza cha duka pale Kisarawe mjini, na nyumba yetu ilikuwa kijijini, njia ya kwenda Maneromango, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mume wangu miguu alikuwa nayo. Akishaswali alfajiri hufunga kikapu chake kwenye keria, huyo, kaondoka. Jua likianza kulegea nasikia kengele, mara tatu za haraka na moja ya kuvuta. Ile ya kuvuta ilikuwa yangu. Natupa mwiko, natupa upawa, natoka mbio mpaka njiani, majirani wananicheka na mimi nawacheka wao kwa kuwa waume zao hawana kengele.

Nilimpenda. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka, maana nimefika umri ambao hakuna wa kunisema.

Kilichomleta nyumbani kila jioni kilikuwa kijia. Barabara kubwa ilikuwa ya malori. Kiangazi ilikuwa mchanga wa kumeza tairi, masika ilikuwa tope, na baiskeli huko haipandwi, husukumwa kama mbuzi mkaidi. Lakini kando yake, mkono wa kushoto ukitoka mjini, palikuwa na kijia cha baiskeli, upana wake hatua moja ya mtu mzima, kigumu, chekundu, laini, kinateleza kati ya mihogo na mikorosho mpaka mjini.

Kijia kile hakikuota chenyewe. Wakati wa vita, malori yalipochukuliwa, Bwana Shauri wa wakati huo, ndiye mkubwa wa wilaya, aliamuru kila kijiji kitoe watu wa msaragambo, kazi ya bure ya wote, kutengeneza kipande chake, ili barua na dawa zipite kwa baiskeli. Wanaume wakachimba. Lakini mchanga wa kwetu hata uuchimbe vipi ni mchanga tu, na baiskeli ya kwanza ilipopita ilizama. Hapo ndipo wanawake waliposema, nyie watu, kwani nyumba zetu tunazitiaje sakafu? Wakabomoa vichuguu, wakabeba udongo wake kichwani kwa makarai, wakaumwagia maji, kisha wakapanga mistari wakaukanyaga kwa miguu, kwa nyimbo, mbele na nyuma, kama wanavyokanyaga sakafu ya nyumba ya bibi harusi. Mimi nilikuwa kigori wakati huo, nikakanyaga mpaka nyayo zikawa nyekundu wiki nzima. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Ukikauka, udongo wa kichuguu hata jembe unalikataa.

Sasa vita vimekwisha, malori yamerudi, na mtu mmoja wa mjini mwenye malori mawili ya kubebea mbao na korosho akawa anasema kijia king'olewe, barabara ipanuliwe, maana malori yake yakikutana moja hulazimika kurudi nyuma mpaka pafaapo, na yeye kurudi nyuma hakupenda hata kwa maneno. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa upande wake. Jumbe alikuwa akipewa lifti mbele, karibu na dereva, akishuka na kofia imekaa sawasawa, na mtu aliyezoea kushuka kwenye lori hawezi tena kuona uzuri wa baiskeli. Bwana Shauri mpya, kijana wa masikio mekundu, akasema haya, Jumamosi watu wote waje Kisarawe, waseme, kisha wasimame pande mbili wahesabiwe. Upande utakaokuwa na wengi ndio utakaofuatwa.

Mume wangu aliniletea habari hiyo jioni moja, kengele haikuvutwa. Akala, akanawa. Kisha akasema, "Wakiking'oa nitalala dukani. Nitakuja Alhamisi jioni, tuwe pamoja Ijumaa, nirudi."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine utaniombea dua."

Nilitaka kumpiga na kata. Si kwa sababu yake, kwa sababu ya malori. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye hakulijua. Miezi miwili nilikuwa sijaona siku zangu. Nilikuwa nalamba udongo mweupe, ule wa vilima vya Pugu ambao wanawake huuza kwa madonge, nikiuficha kwenye kibweta cha wanja. Kwetu mimba ya kwanza hasemi mwenye nayo. Hamwambii mume, hamwambii mtu, husubiri wakubwa waone wenyewe na waseme wenyewe, kwa wakati wao, kwa sauti ya chini, kwa kuogopa husuda. Basi nikawa nimekaa na furaha yangu tumboni na mdomo umefungwa, mimi, mtu ambaye hata siri ya kuku kutaga inanitoka. Na mtu pekee niliyemtaka awe karibu yangu kila jioni walikuwa wanataka kumfungia mjini kwa ajili ya mbao.

Nikaamua kufanya kampeni. Neno hilo sikulijua, lakini kazi yenyewe niliifanya.

Waume wa baiskeli hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa kama thelathini kwa vijiji vyote vya upande wetu, wauza machungwa, wauza kuku, wapeleka maziwa, fundi wa viraka na mume wangu. Shida ilikuwa wanawake. Wanawake wengi, hasa watu wazima, waliziona baiskeli kama adhabu. Unatembea na mzigo wa kuni kichwani, unawaza yako, nyuma yako kring! Unaruka, kuni zinaruka, na mtu mwenyewe amekwisha pita, anasema samahani kutoka mbali. Na aliyezichukia kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi.

Lazima niseme habari ya mama na mume wangu, au mambo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasimami kwenye kundi moja wakagusana mabega. Wakikutana njiani mwanamume ndiye anayetoka, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mkwe apite. Na mkwe si mama mzazi wa mke peke yake, dada za mama huyo wote ni wakwe vilevile. Haya hiyo hulegea siku moja tu: mtoto wa kwanza akishakuja, mama mkwe mwenyewe, akipenda, humwita mkwewe mbele za watu kwa jina la mtoto, baba fulani. Tangu hapo wanasalimiana kama watu. Lakini nasema akipenda. Kina mama wengi walichelewesha makusudi, wajukuu wanafika hata watatu na mkwe bado anarukia vichakani, maana heshima ni tamu, nani anataka iishe?

Mwezi wa tatu wa ndoa yetu mume wangu alinipakia kwenye keria, tunakwenda kumsalimia shangazi yake. Kanga zangu mpya, mkono mmoja kiunoni mwake, nimejaa maringo. Mara pale kwenye kona akamwona mama anakuja na kikapu kichwani. Alipinda usukani akaingia kwenye mihogo na mimi nikiwa bado keriani. Baiskeli ikaanguka, yeye akageuza mgongo akasimama wima kama mlingoti wa serikali, mimi chali, miguu juu, gurudumu la nyuma linazunguka karibu na sikio langu. Mama akapita pole pole. Hakutazama upande wetu. Alisema tu, akiiambia hewa, "Mwaka huu mihogo imeota miguu." Nilicheka mpaka mume wangu akaniomba, kwa kunong'ona, nimwonee huruma.

Basi kwa huyo mama ndiko nilikoanzia. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Mama, wanang'oa kijia."

"Wang'oe. Nitatembea kwa amani."

"Wanang'oa sakafu yako."

Kisu kikasimama. Akanitazama. "Sakafu yangu? Kwa ajili ya nani?"

"Ya mwenye malori. Wanaibomoa kwa majembe, watafukia kwa mchanga."

"Ile tuliyoikanyaga siku sita? Nikapoteza sauti?"

"Hiyo hiyo."

Alitupa muhogo kwenye maji kwa nguvu, maji yakanirukia. "Baiskeli sizipendi," akasema, "lakini mtu haingii nyumbani mwangu akang'oa sakafu." Akachukua kanga yake ya kutokea. Kabla ya kutoka akanikazia macho mdomoni, kwa muda kidogo. Nikaupangusa haraka, nikidhani labda nimebaki na weupe. Akatoka.

Siku tatu tulizunguka. Mama anaingia nyumba hii, mimi ile. Nilikuwa sichoki, nilikuwa naruka. Kila mwanamke aliyekanyaga, au ambaye mama yake alikanyaga, alishika kiuno na kusema atakuwepo. Ilipofika Ijumaa nilikuwa na wanawake zaidi ya sitini, na waendesha baiskeli thelathini, na upande wa malori nilikuwa nimehesabu watu kama sabini, wengi wao wa mjini na ndugu zao. Tisini kwa sabini! Nilimwambia mume wangu anishonee gauni la ushindi. Alicheka, akasema subiri kwanza. Nilijiona mwerevu kuliko jumbe, kuliko Bwana Shauri, kuliko watu wote waliopata kuzaliwa katika wilaya ile.

Jumamosi baraza likakaa mbele ya boma. Upande mmoja mlingoti wa bendera, upande wa pili tangi la maji, katikati meza ya Bwana Shauri na karani wake. Mwenye malori alisema kwanza. Alisema vizuri, siwezi kumnyima. Alisema maendeleo yana magurudumu manne. Watu wake wakapiga makofi. Fundi wa viraka akainuka akasema mbona yake yanapata pancha sawasawa na yetu, watu wakacheka, hata Bwana Shauri akafunika mdomo. Mzee mmoja akalalamika kwamba pedali zinanyoa majani ya mihogo yake pembeni, na jirani yake akamjibu kwamba mihogo yenyewe ndiyo iliyohama kukifuata kijia, kwani mwaka juzi haikuwa pale. Wakaanza kupimana kwa maneno mpaka askari akakohoa. Jumbe akasema wanawake wanaumizwa na kengele, yeye anawaonea huruma wanawake.

Mama akasimama. "Jumbe," akasema, "huruma yako ulipoipakia kwenye lori ulisahau kuniletea." Sina haja ya kueleza vigelegele vilivyofuata. Nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma, nikajiona naelea.

Kisha Bwana Shauri akasimama, masikio yamezidi kuiva kwa jua, akasema kwa Kiswahili chake cha kunyoosha, "Wanaotaka kijia kiondolewe, waende kwenye bendera. Wanaotaka kijia kibaki, waende kwenye tangi."

Nikapiga kelele, "Kina mama, twendeni!" Na mimi na mama mbele, wanawake sitini na zaidi tukalijaza tangi, bega kwa bega, hata mwanya wa kupitisha sindano haupo. Tukageuka kuwasubiri wanaume wetu.

Wanaume walikuwa wamesimama katikati ya uwanja. Kofia wamevua. Wanatazama chini.

Ilinichukua muda kuelewa. Kila mmoja wa wale thelathini alikuwa na mkwe pale tangini. Mwingine alikuwa na wanne. Nilikuwa nimekusanya, nyumba kwa nyumba, kwa akili zangu zote, kila mama mkwe wa kila mwenye baiskeli, nikawapanga mbele ya tangi kama uzio. Hakuna mwanamume aliyelelewa Uzaramo ambaye angeingia mle.

Muuza machungwa alikuwa wa kwanza. Alirudi nyuma hatua moja, kisha mbili, kisha akajikuta chini ya bendera. Mpeleka maziwa akamfuata. Fundi wa viraka alijaribu kupita kwa nyuma ya tangi, akatokea mbele ya mama mdogo wa mkewe, akapiga yowe dogo na kukimbilia benderani kama amekanyaga kaa la moto. Mmoja baada ya mwingine wakaenda. Mume wangu ndiye aliyebaki wa mwisho katikati, peke yake, ananitazama mimi na hawezi kumtazama mama aliyenishika mkono. Kisha na yeye akageuza mgongo, pole pole, akaenda kusimama na watu wa malori.

Hapo ndipo nilipoanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Mwenye malori alikuwa ameshika tumbo, na mimi adui yake nimeshika langu. Baiskeli thelathini zimeegemea ukuta wa boma, na wenye baiskeli wote, kwa adabu kubwa, wamesimama kudai njia yao ing'olewe! Na wanaoitetea ni bibi zetu ambao hawajawahi kukalia hata tandiko. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka, nikaona Alhamisi kwa Alhamisi, nikaona jioni zisizo na kengele, tumbo linakua na mwenyewe hayupo, na machozi yakanitoka ya kweli.

Bwana Shauri akamwinamia karani wake. Tulisikia kila neno. "Hawa ndio wenye baiskeli?"

"Ndio, bwana."

"Na hawataki njia ya baiskeli?"

"Wanaitaka sana, bwana."

"Basi kwa nini wamesimama kule?"

"Wakwe, bwana."

"Wakwe wa nani?"

Karani akatazama tangini. "Wa wote, bwana."

Bwana Shauri akakaa. Amri ilikuwa amri, aliyesimama pale amesimama pale. Akampa karani ishara ahesabu, na karani akaanzia benderani na fimbo yake. Moja, mbili, tatu. Mwenye malori akajiweka vizuri mbele ili ahesabiwe mapema.

Mama akaniinamia. Nilidhani atanikemea, niinuke, namwaibisha. Alinipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake, kisha akanipangusa mdomo, akautazama ule weupe kwenye kitambaa.

"Miezi mingapi?" akanong'ona.

Nilimwonyesha vidole viwili.

Akavuta pumzi. Niliona hofu imempitia usoni, hofu ya husuda, ya macho yote yale, ya kutamka kitu ambacho bado hakijashika vizuri. Nilitikisa kichwa kumwambia hapana, mama, usiseme. Akasema, "Mungu ndiye mlinzi," akaniachia mkono, akatoka kwenye mstari akaenda mpaka katikati ya uwanja mtupu, pale hasa aliposimama mume wangu. Akamtazama usoni. Mama yangu, aliyempitia miezi saba kama anapita mti, alimtazama mkwewe usoni mbele ya wilaya nzima, akaita kwa sauti ile ile aliyoanzishia nyimbo za msaragambo:

"Baba wa mjukuu wangu! Njoo usimame na mkeo!"

Fimbo ya karani ilisimama hewani. Mume wangu alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akamwangalia mama tena. Akahesabu kwa vidole, nilimwona, mbele ya watu wote, mume wangu alikuwa anahesabu kwa vidole. Kisha akakimbia. Alikimbia bila kofia, akaruka meza ya Bwana Shauri pembeni, wino ukamwagika, akafika akaniinua kutoka vumbini kama mtu anavyoinua yai. Mimi sikujua nifunike uso au nimshike, kwa hiyo nilifanya vyote viwili. Niliona haya mpaka masikio yakapiga kelele, na sijapata kuwa na furaha kama ile tena, wala sikuidai.

Mkwe wa muuza machungwa alikuwa na wajukuu watatu na alikuwa bado anafaidi heshima yake. Alimtazama mama, akatazama benderani, akasonya. Halafu akaita jina la mjukuu wake mkubwa, baba fulani, njoo! Muuza machungwa akaja anapepesuka. Hapo likafunguka. Kina mama wakaanza kuita, huyu huku, yule kule, majina ya watoto wa vijiji vyote yanaruka juu ya uwanja, na kila likitajwa mwanamume mmoja anachomoka benderani mbio kana kwamba amesamehewa kifungo. Fundi wa viraka aliitwa na watatu kwa pamoja, akazunguka kama pia. Vijana wawili hawakuwa na watoto, wakabaki wamesimama wanaomba kwa macho, na kina mama wakashauriana haraka haraka wakasema haya, njooni, mtaleta baadaye.

Karani akahesabu upya. Alihesabu mara mbili kwa sababu watu walikuwa hawatulii, wakwe walikuwa wakisalimiana mara ya kwanza maishani na wengine walikuwa wamejawa na maneno ya miaka mitano. Tulishinda kama nilivyosema mimi tangu Ijumaa. Mwenye malori alisema huo ni uchawi. Bwana Shauri alimjibu kwamba hapana, ni wakwe, na kwa jinsi alivyolitamka niliona kwamba ataliandika katika barua ya kwao.

Jioni tukarudi. Nilikwenda kukaa kwenye keria kama kawaida yangu, mume wangu akaruka. "Wapi! Ushuke."

"Nishuke kwa nini? Si tumekipigania ili tupande?"

"Utatikisika."

"Kile ni sakafu! Hakitikisi!"

Hakusikia. Alisukuma baiskeli na mimi nikatembea kando yake, saa nne nzima, tukipitwa na kila mwenye baiskeli tuliyemwokoa, kila mmoja anapiga kengele na kutoa hongera. Nilikasirika, nikamwambia nimepigana na serikali nipate kwenda kwa miguu. Alikuwa anatabasamu tu kama mtu aliyekunywa tembo, na kila hatua ishirini ananiuliza kama nimechoka.

Karibu na kona ile ya mihogo tukamkuta mama mbele yetu, na kikapu chake kichwani, anatembea katikati ya kijia. Mume wangu akasimama. Mazoea ni mazoea, niliona usukani umeanza kupinda kuelekea majanini, mguu mmoja umeshaingia. Akajikamata. Akabaki hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mama," akasema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

Mama aligeuka. "Marahaba, mwanangu."

Kisha akatazama kijia kilivyo chembamba, akatazama baiskeli, akanitazama mimi, na kabla hatujajua la kufanya alitoka yeye. Akaingia kwenye mihogo na kikapu chake, mtu mzima, mama mkwe, akajibanza kando majani yakamfika kiunoni, akatuachia njia yote.

"Piteni," akasema. "Huyo mliye naye ndiye mkubwa sasa."